Barua ya wazi kwa wasimamizi wa shule za Marekani kuhusu watoto wanaosema Kiswahili na faili la siku ya kwanza

Kwa wasimamizi wakuu wa wilaya za shule, wajumbe wa bodi za elimu na wakuu wa idara za elimu maalumu,

Waheshimiwa,

Sisi tunaowaandikia ni wakalimani wa Kiswahili, wasaidizi wa darasani na walimu wa Kiingereza kwa wageni katika shule za umma. Nakala ya Kiingereza mmeletewa ofisini. Hii ya Kiswahili tunaiweka hadharani kwa sababu wazazi wa watoto tunaowasemea wana haki ya kujua kinachoombwa kwa niaba yao, tena kwa lugha wanayoisoma wenyewe bila kutafsiriwa na mtoto.

Watoto hawa si wachache. Katika mwaka wa fedha wa 2016 Marekani ilipokea wakimbizi 16,370 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, wengi kuliko wa taifa jingine lolote mwaka huo. Mwaka wa fedha wa 2024 Congo iliongoza tena, kwa watu karibu 20,000. Leo wako Louisville, Dayton, Des Moines, Grand Rapids, Buffalo, Portland ya Maine na miji mingine mingi. Tangu Januari 2025 mlango wa wakimbizi umefungwa kwa walio wengi, lakini waliokwisha kuingia wamekaa kwenye madawati yenu asubuhi ya leo.

Jambo letu ni moja. Dhana potofu kuhusu watoto hawa hazikai sana kwenye kinywa cha mwalimu mwenye chuki. Zinakaa kwenye fomu, kwenye mtihani, kwenye kisanduku cha kutia vema, na huandikwa ndani ya siku thelathini za kwanza. Baada ya hapo kila anayelifungua faili anadhani anamsoma mtoto. Walimu wengi tunaofanya nao kazi ni watu wema wanaojituma. Lakini wema wao unafika umechelewa, kwa kuwa karatasi waliyokabidhiwa imeshaamua mtoto huyu ni nani, anajua nini na hataweza nini.

Tuanze dawatini pa usajili. Fomu ya lugha ya nyumbani huuliza maswali matatu hivi: mtoto alijifunza lugha gani kwanza, nyumbani wanaongea lugha gani, na mtoto mwenyewe anaongea ipi zaidi. Maswali si mabaya, ni finyu. Mfikirieni mama aliyekulia Fizi, Kivu Kusini. Anapoongea na mama yake hutumia Kibembe, anapoongea na wanawe na majirani hutumia Kiswahili, na shuleni alisoma kwa Kifaransa. Wanawe wamezaliwa Nyarugusu, mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Walikuwa Tanzania, lakini wamesoma mtaala wa Congo, kwa Kifaransa. Congo yenyewe hawajaiona kwa macho. Karani anaandika neno moja tu: Kiswahili. Kuna makarani wanaoandika “Kiafrika”, lugha ambayo haipo duniani.

Neno hilo moja lina gharama yake. Mkalimani wa simu anayepatikana mara nyingi ni mtu wa Mombasa au Dar es Salaam, na Kiswahili chake ni cha huko. Mtoto wa Kivu anasema “batoto” pale ambapo mkalimani anasema “watoto”. Anasema “ku masomo” badala ya “shuleni”. Daftari kwake ni “kaye”, kalamu ni “biki”. Akiambiwa “leta daftari lako” anatulia, anaangalia chini, anangoja. Aliyeketi upande wa pili wa meza anaandika: hafuati agizo rahisi hata kwa lugha yake mwenyewe. Sentensi ya namna hiyo ndiyo inayofungua njia ya kuelekea elimu maalumu, na mtoto hakukosea lolote. Upande wa Kiingereza kuna mtego wa aina hiyohiyo: aliyesoma kwa Kifaransa anajua kwamba “crayon” ni penseli. Mwalimu akiomba “crayon” nyekundu, ambayo kwa Kiingereza ni kalamu ya nta ya rangi, mtoto ataleta penseli kwa heshima zote, na ataonekana hajui rangi.

Tunaomba fomu hiyo iongezwe ukurasa mmoja wenye mambo sita: lugha anayoongea na mama au bibi, lugha anayochezea na wenzake, lugha aliyofundishiwa darasani, nchi alizosoma na miaka mingapi kila nchi, darasa la mwisho alilomaliza, siyo alilofikia tu, na vipindi alivyokaa bila shule pamoja na sababu yake. Mtoto aliyekosa miaka mitatu kwa sababu ya vita na mtoto aliyesoma miaka mitatu bila kuelewa ni watoto wawili tofauti kabisa, ila fomu ya sasa inawaweka kapu moja. Kazi hiyo inahitaji nusu saa na mkalimani ambaye kabla ya yote ameulizwa yeye mwenyewe anatoka wapi.

Majina na tarehe pia. Congo mtu huwa na jina, jina la nyongeza na jina la ubatizo. Jina la nyongeza liliingia kwenye vyeti baada ya utawala wa Mobutu kupiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, likabaki. Kila mtoto anaweza kupewa jina lake, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja wanaweza kufika mbele yenu wakiwa na majina matatu ya mwisho yasiyofanana. Hilo halimaanishi kwamba mama anadanganya au kwamba watoto ni wa kuokota. Na mkiona familia ambayo kila mtu amezaliwa tarehe 1 Januari, jueni aliyewaandikisha kambini hakuwa na tarehe, akajaza hiyo. Mtoto anaweza kuwa amepungukiwa au kuzidishiwa karibu mwaka mzima, pengine zaidi, na ninyi mnampanga darasa kwa umri. Muulizeni mama alizaliwa msimu gani, kabla ya tukio gani, na amepishana miaka mingapi na mdogo wake. Majibu hayo yana uhakika kuliko cheti.

Kisha alama. Hapa madhara ni makubwa kuliko mnavyodhani, na kuyarekebisha ni kazi ya alasiri moja. Katika shule za Congo asilimia 50 ni kufaulu, na anayepata 70 ni mwanafunzi wa kusifiwa. Katika mtihani wa kidato cha nne wa Tanzania, A huanzia 75, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, na D ni 30 hadi 44. Mshauri wa masomo anayepokea ripoti yenye 66 na kuisoma kwa kipimo cha Marekani anaona D. Anamwondoa mtoto kwenye aljebra na kumrudisha kwenye hesabu za msingi, kumbe mbele yake ameketi mwanafunzi wa B. Halafu yule mtoto anakaa mwaka mzima akirudia alichokimaliza, anachoka, anaanza kuchelewa, na faili linaongezwa mstari mwingine: hana ari. Bandikeni jedwali la kubadilisha alama katika kila ofisi ya ushauri, nchi kwa nchi. Wekeni Congo, Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi na Rwanda, kwa kuwa watoto wanaosema Kiswahili wanatoka kote huko na mifumo haifanani.

Kabla ya kumweka mtoto kwenye hesabu za chini, mpeni karatasi ya hesabu ishirini zisizo na maneno. Na anayesahihisha ajue mambo matatu. Aliyesoma kwa mfumo wa Kifaransa huandika 1 kwa mkono mrefu unaopanda, na 7 kwa kistari katikati; msahihishaji wa hapa huisoma 1 yake kama 7 na kumkosesha. La pili ni koma. Namba 1,248 kwenu ni elfu moja mia mbili arobaini na nane. Kwake ni moja na sehemu, haifiki hata mbili, kwa sababu koma ndiyo inayotenga desimali. La tatu ni kugawanya: kigawanyo hukiweka kulia na jibu huliandika chini yake, kwa hiyo ukurasa wake unaonekana kama umepinduliwa. Jibu ni sahihi. Mpangilio ndio mgeni, na mgeni huyo asihesabiwe kuwa mjinga.

Sasa tuingie darasani, na hapa tunaomba mtuvumilie, maana jambo tutakalolieleza ni dogo kwa sura na ndilo linalowasimamisha watoto shule.

Kwa Kiswahili, ukiuliza swali la kukanusha, jibu la “ndiyo” linaweza kukubaliana na ule ukanushaji. “Hukumpiga?” “Ndiyo.” Maana yake: ndiyo, ni kama ulivyosema, sikumpiga. Kwa Kiingereza swali lilelile likijibiwa “yes” linasikika kama kukiri. Naibu mkuu wa shule anamwita mtoto wa miaka kumi na miwili baada ya ugomvi, anamuuliza kwa upole kabisa: hukumsukuma, sivyo? Mtoto anajibu “yes” kwa moyo mweupe, kwa kuwa amefurahi kwamba mkubwa ameshaujua ukweli. Linaandikwa: amekiri. Siku tatu nyumbani. Mama anauliza umefanya nini, mtoto anasema sikufanya kitu, na sasa nyumbani pia anaonekana mwongo.

Dawa yake haina gharama. Msimuulize mtoto anayesema Kiswahili swali la kukanusha, wala la kuchagua ndiyo au hapana, katika jambo lolote la nidhamu. Mwambieni: eleza kilichotokea tangu kengele ilipolia. Mwacheni amalize. Mkalimani awepo kabla ya swali la kwanza, asiitwe baada ya uamuzi kutolewa. Maneno ya mtoto yaandikwe kwanza kwa Kiswahili kama alivyoyasema, ndipo yatafsiriwe, ili mwingine akitaka kuyarudia aweze. Wala asitumike mwanafunzi mwenzake kutafsiri. Huyo naye alikuwepo uwanjani na ana rafiki zake.

Macho nayo. Watoto wengi wamelelewa kuinamisha macho mkubwa anapoonya. Mwalimu akisema kwa ukali “niangalie ninapozungumza nawe”, mtoto anasikia ukali kabla ya kusikia maneno, na anafanya adabu aliyofundishwa: anainama zaidi. Wapo wanaomwita mwalimu “Teacher!” bila jina, wakaonekana hawajajisumbua kulijua. Kwao “Mwalimu” ni cheo cha heshima, na kumwita mkubwa kwa jina lake ndio utovu wa adabu. Waliokulia Uganda wengi hujibu “ndiyo” kwa kuinua nyusi tu, kimya, na mwalimu anangoja sauti isiyokuja.

Mambo haya yangekuwa ya kuchekesha jioni nyumbani kama hayangeangukia mahali palipokwisha kuwa na uzito. Ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ya mwaka 2018 ilionyesha kuwa katika mwaka wa masomo wa 2013-14 wanafunzi weusi walikuwa asilimia 15.5 ya wanafunzi wa shule za umma, lakini walikuwa takriban asilimia 39 ya waliosimamishwa. Mwaka 2016 Walter Gilliam na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliwaonyesha walimu wa watoto wadogo video, wakawaambia watafute dalili za utundu. Katika video hizo hapakuwa na utundu wowote. Macho ya walimu, yaliyokuwa yakifuatiliwa na mashine, yalikaa zaidi kwa watoto weusi wa kiume. Mtoto wetu anaingia kwenye mtazamo huo siku ya kwanza. Kijijini, kambini au mtaani alikotoka alikuwa mtoto wa fulani, Mbembe au Mfuliiru, Mkristo au Mwislamu, hodari wa mpira au mzembe wa kuchota maji. Hapa anawekewa vema kwenye kisanduku cha “mweusi” kabla hajajua kisanduku hicho kimebeba nini katika nchi hii.

Kuna na dhana inayokuja kwa sura ya sifa, nayo tunaisikia mara nyingi zaidi: watoto wa Kiafrika wana bidii na heshima, siyo kama weusi wa hapa. Tunaomba isisemwe tena katika vyumba vya walimu. Inawatukana watoto wa Wamarekani weusi, ambao wazazi na mababu zao ndio waliopigania sheria zinazomlinda mtoto wetu leo. Na haimfai hata anayesifiwa, kwa sababu hudumu hadi mtoto anapofika miaka kumi na minne, anapoanza kuongea na kuvaa kama majirani zake. Siku hiyo sifa inamtoka na lawama zote za wale aliotengwa nao zinamwangukia, na hakuna anayemweleza kimebadilika nini.

Tuje kwenye elimu maalumu, ambako kosa la karatasi hugeuka kuwa miaka.

Historia yake mnaijua. Katika kesi ya Diana, California, mwaka 1970, watoto wenye asili ya Mexico waliokuwa wamewekwa katika madarasa ya wenye akili pungufu kwa vipimo vya Kiingereza walipimwa upya kwa Kihispania, na wengi wao wakaonekana hawakustahili kuwepo pale. Mwaka 1979, katika kesi ya Larry P., hakimu wa shirikisho huko California aliamua kwamba vipimo vya akili vilivyotumika kuwapeleka watoto weusi katika madarasa kama hayo vilikuwa vya kibaguzi. Sheria ya shirikisho ya elimu kwa wenye ulemavu, IDEA, inasema mtoto apimwe kwa lugha yake pale inapowezekana, na asihesabiwe kuwa na ulemavu ikiwa sababu kuu ni kutokujua Kiingereza au kukosa kufundishwa kusoma na hesabu ipasavyo. Mtoto wetu huwa na sababu hizo zote mbili, na ni mweusi juu yake. Kesi zote mbili zinakutana kwake.

Kinachoharibika ni nini hasa? Kipimo kilichotungiwa watoto wa Marekani kikitafsiriwa papo hapo na mkalimani, jedwali la alama zake linapoteza maana. Picha ya mtu wa theluji ni rahisi kwa mtoto wa Buffalo wa miaka mitano. Kwa aliyetoka Kyangwali, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, ni fumbo. Mtoto akionyeshwa saa ya ukutani inayosoma 8:00 asubuhi atasema “saa mbili”, na amesema sawasawa, kwa kuwa sisi huhesabu saa tangu jua linapochomoza. Mkalimani asiyejiandaa hutafsiri “mbili”. Linaandikwa kosa. “Yeye” kwetu ni mwanamume na mwanamke, hivyo mtoto atamwita dada yake “he” kwa mwaka mzima na zaidi. Hiyo ni sarufi ya lugha yake inayovuka mpaka, haina uhusiano na ugonjwa wa usemi. Vivyo hivyo anayechanganya L na R, au anayeongeza irabu mwishoni mwa neno.

Utaratibu tunaouomba unakwenda hivi. Kwanza masikio na macho yapimwe na daktari, si kwa kubahatisha darasani. Maambukizi ya masikio yasiyotibiwa ni jambo la kawaida kwa waliokulia kambini. Halafu mzazi aulizwe, naye aulizwe maswali anayoweza kuyajibu kwa uhakika. Msimuulize kama mtoto “alifikia hatua za ukuaji kwa wakati”. Muulizeni: alitembea kabla au baada ya kaka yake? Ukimtuma dukani vitu vitatu anarudi na vitatu, na chenji imetimia? Ukimsimulia hadithi usiku, kesho anaweza kumsimulia mdogo wake? Watoto wa jirani wanamwelewa anapoongea? Mama akisema huyu namtuma na harudi na kitu, wenzake wote nawatuma na wanarudi, hapo pana jambo la kuchunguza. Akisema huyu ndiye ninayemtegemea kwa kila kitu nyumbani, basi tatizo liko upande wetu sisi wa shule, tulitafute huko.

Baada ya hapo mfundisheni kitu kipya na mpime alivyojifunza, wiki sita hadi nane, mkiweka sampuli za kazi zake kwa tarehe. Kasi ya kujifunza husema zaidi kuliko alama ya siku moja. Ikifika zamu ya vipimo rasmi, mkalimani apewe nafasi ya kuvipitia ofisini siku moja kabla, akubaliane na mwanasaikolojia neno kwa neno, aonyeshe maneno yasiyo na mwenzake katika Kiswahili cha mtoto huyo, na aelezwe wazi kwamba asimsaidie mtoto wala asimrekebishe. Majibu yaandikwe kama yalivyotoka. Ripoti iseme ni sehemu zipi zilitafsiriwa, na sehemu hizo zisipewe alama ya kulinganisha na watoto wa Marekani. Siku 60 ambazo sheria inatoa tangu mzazi aridhie, au muda uliowekwa na jimbo lenu, zinatosha kwa haya yote ikiwa mkalimani anatafutwa siku ya kwanza. Akitafutwa siku ya hamsini, hazitoshi.

Lipo na kosa la upande wa pili. Kuna watoto wenye ulemavu wa kweli, wasiosikia vizuri au wasioweza kabisa kuunganisha herufi na sauti, wanaoambiwa mwaka baada ya mwaka: tungoje kwanza Kiingereza kikomae. Sheria haiwaruhusu kungoja hivyo. Ni dhana ileile kwa sura nyingine, kwamba huyu ni mgeni, ugeni wake unaeleza kila kitu. Mama akija mara ya tatu kusema mwanangu si kama wenzake, msikilizeni kabla ya kuangalia kiwango chake cha Kiingereza.

Kuhusu vikao. Mzazi akisema “sawa, sawa” wakati IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja mwenye ulemavu, wenye kurasa nyingi, unasomwa, maana yake mara nyingi ni “nakusikia”. Si ridhaa. Mwombeni aeleze kwa maneno yake alichoelewa, na mwacheni aondoke na fomu bila kutia sahihi siku hiyo. Taarifa ya maandishi inapaswa kutolewa kwa lugha yake, na kwa asiyejua kusoma sheria inataka aelezwe kwa mdomo na mhakikishe ameelewa. Sauti iliyorekodiwa na kutumwa kwa WhatsApp inasikilizwa mara tatu jikoni, barua ya Kiingereza inabaki kwenye begi. Na mzazi asipofika, msiandike kuwa hajali. Wengi wanafanya zamu ya usiku kwenye viwanda vya nyama na maghala, wanalala saa ile mnayoitisha kikao. Kingine, walikotoka mzazi huitwa shuleni kwa kosa au kwa mchango. Asiyekuja anaweza kuwa ndiye aliyemwamini mwalimu kuliko wote: nimekukabidhi mtoto, ni wako pia.

Neno moja juu ya mafunzo ya utamaduni mnayowapa walimu. Karatasi moja yenye kichwa “Utamaduni wa Wakongomani”, yenye vistari kumi kuhusu chakula, macho na salamu, ni dhana potofu iliyopigwa chapa. Hata haya tuliyoyaandika hapa msiyageuze karatasi hiyo. Binti wa mhasibu wa Nairobi aliyesoma kwa Kiingereza tangu chekechea hapaswi kuwekwa darasa la wageni kwa sababu ya rangi na lafudhi, wala kuulizwa habari za simba. Mnyamulenge, mtu wa jamii mojawapo ya Kivu Kusini, atawajibu kwa Kinyamulenge na Kiswahili, na huenda akaumia mkimwita kwa jina la kabila jingine. Tunachotaka walimu wafundishwe ni kuuliza: ulisoma wapi, kwa lugha gani, kwenu mtoto akitaka kujibu anafanyaje? Saa mbili za kujizoeza kuuliza, kwa wawili wawili, pamoja na mkalimani halisi chumbani, zinafaa kuliko siku nzima ya picha za ngoma.

Na mpeni mtoto muda wa kweli. Kiingereza cha uwanjani hupatikana kwa mwaka mmoja au miwili. Kiingereza cha kitabu cha sayansi huchukua miaka mitano hadi saba, muda mrefu zaidi kwa aliyeanza kusoma akiwa na miaka kumi. Ndiyo maana katika majimbo yanayotumia WIDA, mtihani wa Kiingereza kwa wanaojifunza lugha hiyo, kusoma na kuandika hubeba asilimia 35 kila kimoja, kusikiliza na kuongea 15 kila kimoja. Mwalimu anayemsikia akitania kwa Kiingereza fasaha kwenye mlo wa mchana, kisha akamwona amekwama kwenye aya ya historia, asimwandike mvivu.

Wapo kati yenu wanaosema sasa hali imebadilika, kwa kuwa amri ya rais ya Machi 2025 imefanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na kuifuta amri ya mwaka 2000 juu ya huduma za lugha. Amri ya rais haifuti sheria ya Bunge. Sura ya sita ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ipo, uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Lau ya 1974, unaozitaka shule ziwasaidie wasiojua Kiingereza, upo, Sheria ya Fursa Sawa za Elimu ya mwaka huohuo ipo, na IDEA ipo. Mtoto ana haki ileile aliyokuwa nayo Februari 2025, kabla ya amri hiyo.

Tunaomba majibu kwa maandishi, na tunaomba kila wilaya itoe hadharani takwimu zake kwa lugha ya mtoto, siyo kwa rangi tu: wangapi wanaosema Kiswahili wamesimamishwa shule, wangapi wako elimu maalumu na kwa aina gani ya ulemavu, wangapi wako aljebra wakiwa darasa la nane au la tisa. Ndani ya kundi la “weusi” watoto wetu hawaonekani, wala madhila yao. Rasimu ya ukurasa ule wa usajili na jedwali la alama la nchi sita tumeviambatanisha. Tuko tayari kuja Jumamosi yoyote kabla ya usajili wa Agosti, tukae na makarani wenu dawatini, tuijaze fomu ya kwanza pamoja nao.

Kwa heshima,

Wakalimani, wasaidizi wa darasani na walimu wa Kiingereza wa watoto wanaosema Kiswahili